Radi, Ukindu na Ndoo ya Kimpumu

Januari Ufipa si mwezi wa kuchezea. Mawingu yakishatanda juu ya milima ya Mbizi, Sumbawanga nzima hujua usiku utakuwaje. Na usiku ule nyumba ya marehemu baba, pale Katandala, ilijaa ndugu hadi varandani, kwa kuwa kesho yake ilikuwa misa ya kumbukumbu yake na kubarikiwa kwa msalaba wa kaburi. Kimpumu, pombe yetu ya ulezi, ilikwisha kuiva, ndoo mbili nyuma ya mlango wa sebule. Ugomvi nao ulikuwa umeiva.

Baba mdogo alitaka, msalaba ukishabarikiwa, amwage pombe kidogo kaburini na kuwataja marehemu na waliomtangulia, kama alivyowaona wazee wake wakifanya. Shangazi, mwanachama wa miaka mingi wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hakutaka hata kusikia. "Mdogo wangu, ule upagani tuliuacha. Kaburi la Mkristo halinyweshwi pombe." Baba mdogo akajibu kwamba hanyweshi kaburi, anamheshimu kaka yake. Mama alikuwa kimya, akichambua maharage. Mjane hana haraka ya kusema mbele ya mashemeji na mawifi.

Radi ya kwanza ilipopiga, umeme ukakatika. Ya pili ikatikisa mabati, watoto wakaanza kulia. Shangazi akainuka, akachomoa nyuma ya msalaba wa ukutani tawi la ukindu lililobarikiwa Jumapili ya Matawi, akaliwasha kwenye jiko la mkaa na kuanza kuzunguka nalo dirisha kwa dirisha huku akisali. Alifundishwa hivyo na mama yake: moshi wa tawi lililobarikiwa hufukuza radi. Lakini ukindu uliokauka miezi tisa hautoi moshi tu. Kwenye dirisha la pili pazia lilidaka moto, moto ukapanda, ukaanza kulamba ubao wa dari. Baba mdogo akanyakua ndoo iliyokuwa karibu na kuimwaga yote.

Moto ulizimika. Kimpumu ikachuruzika ukutani hadi kwenye picha ya Moyo Mtakatifu, machicha ya ulezi yakaganda kwenye kioo, na nyumba ikanuka hamira na kitambaa kilichoungua. Kiganja cha shangazi kilikuwa kimefura malengelenge. Mama akamkalisha, akamtumbukizia mkono kwenye beseni la maji baridi, wala hakumlaumu.

Hapo ndipo mmoja wa ndugu aliponong'ona gizani: "Radi hii imetumwa. Mnamjua ambaye hakuja kusaidia maandalizi." Kila mtu alimjua. Ni bibi jirani, mjane, anaishi peke yake na miguu inamsumbua. Shangazi, aliyeukataa upagani wa pombe jioni ile ile, hakukemea. Baba mdogo hakukemea. Sebule nzima ilinyamaza, na ukimya ule uliniogopesha kuliko moto.

Nimeutafakari sana tangu siku ile. Ukristo uliingia Ufipa kupitia Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe walipokea mwaka 1885 ngome ya Wabelgiji iliyoanzishwa mwaka 1879. Walikuja na Injili, na walikuja pia na desturi za vijiji vyao. Wakulima wa Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani walichoma matawi yaliyobarikiwa ngurumo zilipoanza, vizazi na vizazi. Kwa hiyo tawi la shangazi nalo ni mila ya mababu, ila mababu wa watu wengine. Kanisa lenyewe, katika mwongozo wa Vatikani wa mwaka 2001 kuhusu ibada za watu, linakataza matawi hayo kutunzwa kama hirizi. Mfalme Hezekia alimvunja nyoka wa shaba aliyetengenezwa na Musa mwenyewe, watu walipokuwa wamefikia kumfukizia ubani. Hakuuliza tu kitu kimetoka kwa nani. Aliangalia kinawapeleka watu wapi.

Nikipima hivyo, pombe ya baba mdogo inahitaji kuongelewa kwa subira, maana ndani yake kuna upendo wa kweli kwa wafu, na sisi Wakatoliki tunawaombea wafu kila siku. Ile shutuma ya gizani haina cha kuongelewa. Nayo ndiyo iliyoota mizizi kuliko zote. Mwaka 1963 na 1964 kundi la kusaka wachawi lililoitwa Kamchape lilipita vijiji vya Ufipa, na mwanaanthropolojia Roy Willis akaandika habari zake. Nchi ilikuwa na Wakristo tele, na bado watu walipanga foleni kupokea dawa. Leo tunasikia habari za lambalamba, jina limebadilika, kazi ni ile ile. Katekisimu tumekariri, lakini bati likipigwa na radi tunatafuta bibi wa kumlaumu. Radi hupiga kwetu kwa sababu tuko juu, kama mita 1,800 hivi, na mvua zetu ni za ngurumo. Mtoto wa sekondari analijua hilo.

Alfajiri mama alimwamsha yule ndugu. "Shemeji, chukua kiti hiki na chupa ya chai, tunakwenda kumchukua jirani. Miguu yake haimfikishi makaburini, utamshika mkono wewe." Akaenda, hakuwa na namna.

Makaburini baba mdogo aliwataja marehemu mmoja mmoja, sauti ikimkatika, watu wakajibu kwa sala. Hakumwaga kitu. Alisema wazi kwamba bado hajakubali, na kwamba mwakani atauliza tena. Shangazi, mkono umefungwa kitambaa, alimjibu kwamba naye ana maswali yake sasa. Matawi yaliyobaki nyumbani ameyarudisha parokiani yachomwe pamoja na mengine kwa ajili ya Jumatano ya Majivu.

Jumuiya ndogo ndogo inakutana kwetu wiki hii. Mama ameomba kwamba kabla ya pombe na kabla ya ukindu, tuanze na yale maneno yaliyonong'onwa gizani, na bibi jirani awepo akisikia.