Heroe Miguu Juu

Mama mkwe ameondoka leo asubuhi na uso wangu bado unawaka. Jana jioni alikuwa ametulia kwenye kochi, kikombe cha chai mkononi, akaanza kulitazama pazia jipya. Akalitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu mtu kutazama pazia la mwenzake. Kisha akauliza kwa upole, ule upole wa wakwe usio na jibu: "Mkwe wangu, hawa ndege wa upande huu wamekufa?"

Pazia ni la heroe. Upande wa kushoto wa dirisha wamesimama kwa mguu mmoja majini, shingo zimepinda kwa maringo. Upande wa kulia ni heroe walewale, miguu juu, midomo chini, kama kuku waliofungwa kwenye baiskeli kupelekwa mnadani. Shemeji yangu, ambaye hakuulizwa, aliinamisha kichwa hadi karibu na goti ili awaone sawasawa. Mke wangu akakumbuka kitu jikoni.

Nilimpigia fundi palepale. "Bosi, ukilikusanya vizuri pembeni haionekani." Nikamwambia limekusanywa, na inaonekana. Akashauri nilifunge usiku tu, maana usiku nani anatazama pazia?

Hasira ilipopoa nikaanza kutaka kujua ndege wamepinduka vipi, na hapo ndipo usingizi uliponitoka kabisa. Fundi wangu amekata sare za shule na mapazia ya rangi moja maisha yake yote. Akipewa kitambaa hukikunja katikati, ncha juu ya ncha, anapitisha mkasi kwenye mkunjo, na vipande viwili vinatoka sawa. Ni akili, kwa kitambaa kisicho na mchoro. Lakini akishaufanya mkunjo uwe upande wa juu wa vipande vyote viwili, kimoja kinakwenda na ndege na kingine kinakwenda kinyume nao. Khanga haiwezi kukufanyia hivi: ina jina lake, ukiipindua hata mtoto wa darasa la pili atakwambia.

Na hata angewasimamisha wote, bado tungeaibika. Viwanda vikubwa huchapa vitambaa vya aina hii kwa silinda za nikeli nyembamba zilizotobolewa vitundu vidogo mno. Rangi inaingizwa ndani ya silinda, ubapa ulio humo unaisukuma ipenye, na kitambaa kinapita chini bila kusimama. Kila rangi ina silinda yake: moja ya waridi, moja ya weusi wa mdomo, moja ya buluu ya maji, na zote lazima zikutane mahali palepale, la sivyo ndege anavaa mdomo wa jirani. Mzunguko wa silinda mara nyingi ni sentimita 64. Maana yake mchoraji, hata awe na kipaji cha namna gani, ziwa lake linaishia hapo na kuanza upya. Ziwa Natron, ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana, lina ndege wasiohesabika. Langu lina watatu, wanaozaliwa upya kila sentimita 64.

Sasa piga hesabu. Pazia langu, pamoja na upindo, linataka sentimita 210. Mizunguko mitatu ni 192, haitoshi. Minne ni 256, kwa hiyo 46 zinakatwa na kutupwa ndipo kipande cha pili kianze na ndege wa kwanza. Vipande viwili vinataka sentimita 466. Muuzaji alilipima jora kwa mbwembwe akasema, "Nne na robo zinakutosha kabisa, kaka." Kwa kipimo chake heroe wa kulia wangetembea hewani, karibu shibiri nzima juu ya maji ya wenzao.

Wapo walionufaika na ndege wa kitambaani. Mbunifu William Morris wa Uingereza aliona ndege wakimwibia stroberi bustanini kwake Kelmscott, akawachora. Kitambaa chao kilitoka mwaka 1883: kilichovywa chote katika nili, kisha buluu ikaondolewa kwa dawa pale walipotakiwa kukaa ndege. Yeye aliibiwa matunda akapata kitambaa. Mimi nimepata kitambaa nikaibiwa heshima.

Na si pazia tu lililotuaibisha nyumbani. Foronya za majani ya mgomba zilishamwachia mgeni kijani kwenye kanzu nyeupe. Kitambaa cha meza cha matunda kimetobolewa na mtoto aliyetaka zabibu.

Nimerudi dukani. Risiti imeandikwa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na hapo kicheko kinaniisha. Pamba tunalima wenyewe, Simiyu na Shinyanga, na nyingi inaondoka ikiwa nyuzi ghafi. Heroe ni wetu. Kitambaa kinakuja kutoka mbali, cha poliesta, bila hata kikaratasi kinachosema mchoro unajirudia kila baada ya sentimita ngapi. Muuzaji hajali, fundi hakufundishwa, hasara analipa mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukinunua kitambaa chenye kiumbe mwenye kichwa, kikunjue palepale dukani. Pima kutoka jicho la ndege hadi jicho la ndege huyohuyo anapotokea tena, zidisha, ndipo utaje mita. Kwa fundi, chora mshale wa chaki unaoelekea juu kwenye kila kipande kabla mkasi haujagusa kitu. Ukiona huo ni usumbufu, chukua cha majani yaliyotawanywa ovyo. Hayo hata yakipinduliwa, mama mkwe hatauliza kitu.