Ombi la Kupandishwa Cheo cha Mshukiwa

Kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma,
Nairobi.

KUH: KUPANDA KUTOKA MSHUKIWA WA MTAA HADI MSHUKIWA WA KIMATAIFA

Mheshimiwa,

Mimi ni mchuuzi wa omena hapa Otonglo, Kisumu, kando ya barabara ya Busia. Ni mshukiwa wa daraja la chini kabisa: natandika omena mahali pasipo ruhusa, natembea usiku, nasahau kitambulisho nyumbani. Askari hawajawahi kunikosa. Hawaji na hati wala picha. Wanafika moja kwa moja kwenye meza yangu na jina langu wanalijua. Kwa unyenyekevu naomba nianze kusakwa na mahakama ya kimataifa, nipate kupumua.

Manufaa ya cheo hicho nimeyachunguza. Tarehe 27 Agosti 2010, katiba mpya ilipozinduliwa Uhuru Park, Omar al-Bashir wa Sudan alikuwa miongoni mwa wageni wa heshima, na hati mbili za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) za kumkamata kwa ajili ya Darfur zikiwa tayari zimetolewa. Katiba ile ile inasema mikataba tuliyoridhia ni sehemu ya sheria yetu, na Mkataba wa Roma, ulioanzisha ICC, tuliuridhia mwaka 2005. Ningeingia mimi bila kadi ya mwaliko, ningelala seli.

Mfikirie pia mzee Félicien Kabuga. Mahakama ya Arusha ilimfungulia mashtaka mwaka 1997 kuhusu mauaji ya Watutsi wa Rwanda, Marekani ikaahidi hadi dola milioni 5, na kila aliyemtafuta aliitazama Nairobi. Januari 2003 William Munuhe, mwanahabari aliyeshiriki mpango wa kumtega, alikutwa amekufa nyumbani kwake Karen. Serikali ikazidi kusema Kabuga hayupo nchini. Alipatikana Mei 2020 karibu na Paris, na kufikia 2023 majaji walimwona hana tena akili ya kufuatilia kesi. Msinielewe vibaya, kazi hii mnaiweza: Julai 1997, katika msako mmoja Nairobi, mliwanasa watuhumiwa saba wa mauaji hayo, waziri mkuu wa zamani wa Rwanda Jean Kambanda akiwemo. Kwa hiyo macho mnayo, tena makali.

Kwa washukiwa wa nyumbani huduma ni bora zaidi. Walter Barasa alitolewa hati ya kukamatwa mwaka 2013 akituhumiwa kujaribu kuwahonga mashahidi wa ICC. Badala ya kujificha, alikwenda Mahakama Kuu kupinga kukabidhiwa. Wakili Paul Gicheru, aliyetuhumiwa hayo hayo, ilibidi ajisalimishe mwenyewe Uholanzi, Novemba 2020. Hakuna aliyemfukuza. Alifariki 2022 kabla ya hukumu, na zile kesi kubwa za wale sita waliotajwa na Ocampo, mwendesha mashtaka wa ICC, kuhusu ghasia za uchaguzi, zilikuwa zimeshaporomoka kufikia Aprili 2016.

Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa 2007, 405 kati yao kwa risasi. Hapa Kisumu tunajua bunduki zilikuwa mikononi mwa nani. Tunajua pia nani aliwachomea maduka majirani zetu Wakikuyu, maana wengine tunapanda nao matatu moja, wanatusalimia vizuri tu. Sijasikia hata mmoja akiulizwa alikuwa wapi siku hiyo.

Najua mtasema Hague ni mbali. Lakini sheria yetu wenyewe ya uhalifu wa kimataifa inafanya kazi tangu Januari 2009. Oktoba 2022 ofisi yako iliitumia: maafisa 12 wa polisi washtakiwe kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa yaliyotendeka Kisumu Agosti 2017, ambapo mtoto wa miezi sita wa Nyalenda alipigwa rungu mikononi mwa mamake akafa. Tulishangilia. Kisha miaka ikapita maafisa hao wakisomewa tarehe mpya badala ya mashtaka. Na hawa, Mheshimiwa, hawako Paris. Namba zao za kazi ziko serikalini.

Kama nafasi za kupanda zimejaa, sitalalamika. Washushe basi hao 12 wafike daraja langu, watafutwe kama ninavyotafutwa mimi: asubuhi na mapema, kwa jina, bila kuahirisha.

Wako mtiifu,
Mchuuzi wa omena, Otonglo