Ainisho la Wavukaji: Mtangamano wa Afrika Mashariki Ulivyochunguzwa Kutoka Singida

Wataalamu wa mtangamano wa Afrika Mashariki wana desturi ya kukaa Arusha, kwenye makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambako hoteli ni nzuri na nadharia hazishiki vumbi. Uchunguzi huu umefanyika Singida, mkoa usiopakana na nchi yoyote. Sababu ni ya kitaalamu kabisa: anayetaka kujua kama nyumba inapokea wageni hamuulizi bawabu, huingia sebuleni akaangalia nani ameketi.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, iliahidi kwamba bidhaa, watu, nguvu kazi, huduma na mitaji vitavuka mipaka kwa uhuru. Swali letu ni nani hasa anavuka. Majibu tuliyoyakusanya kandokando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Nzega yanathibitisha kile tunachokiita Kanuni ya Mdomo: kadiri mvukaji anavyoweza kusema, ndivyo uhuru wake unavyopungua. Wavukaji wamegawanyika katika madaraja matano.

Daraja la Kwanza: Wasio na mdomo

Hawa ndio raia kamili wa Afrika Mashariki. Mfano bora ni umeme. Njia ya msongo wa kilovolti 400 inatoka Singida, inapita Arusha na Namanga, inafika Isinya nchini Kenya, zaidi ya kilomita 500. Ujenzi ulikamilika mwishoni mwa 2024. Umeme haujazi fomu, haugongewi muhuri, na haujawahi kushukiwa kwamba umekuja kuoa binti wa watu ili upate shamba.

Katika daraja hilohilo yamo mafuta ghafi ya Uganda. Bomba lake la kilomita 1,443, kutoka Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, linakatiza mkoa wa Singida. Mafuta hayo yana nta nyingi na huganda yakipoa, kwa hiyo bomba limewekewa mfumo wa kuyapasha joto njia nzima. Hatujapata kumbukumbu ya mchuuzi yeyote wa Kampala aliyeandaliwa mapokezi ya joto kiasi hicho.

Daraja la Pili: Wenye matairi

Lori la Kigali hupita Singida likielekea Rusumo, na la Bujumbura likielekea Kabanga. Hapa mdomo upo, ni wa dereva, lakini unafunikwa na shehena. Lori huulizwa uzito wake kabla ya uraia wake. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2013 inataka uzito wa gari na mzigo usizidi tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake.

Hicho kikomo cha ekseli ndicho kinachotoa elimu. Dereva alitoka Dar es Salaam akiwa halali. Miinuko na makorongo vimeusogeza mzigo nyuma. Sasa, kwenye mizani, jumla ni sawa lakini ekseli moja imezidi. Utingo anapanda juu ya turubai, anafungua kamba, anaanza kuhamisha mifuko kuelekea kichwa cha gari huku dereva akimwelekeza kwa matusi ya kindugu. Mama lishe wa jirani, ambaye hajawahi kusoma itifaki hata moja, tayari ameshakoleza moto, kwa kuwa anajua kazi hiyo haiishi bila wali maharage. Lori hupimwa tena, hupita, na kwenda kujipima upya kwenye mteremko wa Sekenke.

Daraja hili liliwahi kushushwa hadhi mara moja, mwaka 2020, wakati wa korona. Madereva walipimwa mipakani, nchi zikatunishiana misuli, na foleni za malori zikarefuka. Ndipo ikabainika kwamba dereva ana pua pia.

Daraja la Tatu: Wenye mbawa na kwato

Kuku wa kienyeji wa Singida husafiri hadi Dar es Salaam ndani ya tenga, na safari huishia vizuri kwa kila mtu isipokuwa kuku. Wenzake wa ng'ambo ya mpaka hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliotoka Kenya walikamatwa Namanga na kuchomwa moto kwa hofu ya mafua ya ndege. Mwaka huohuo ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji wa Kenya, waliokuwa wamefuata malisho Tanzania, walipigwa mnada.

Daraja la Nne: Wenye mdomo na mtaji mdogo

Huyu ndiye mvukaji halisi, na ndiye mwenye tabu. Tumchukue mnunuzi wa vitunguu kutoka Kenya. Amefika Singida kwa basi, ana begi moja na simu mbili. Anabonyeza kitunguu shingoni kuona kama kimekauka, anainua gunia la lumbesa lililoshonwa juu likavimba kama kilemba, anatikisa kichwa. Mpaka hapo ni mnunuzi kama wanunuzi wengine. Kisha anauliza, "Hii ni pesa ngapi?" na dalali anageuka. Mdomo umeshamtaja.

Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wamekuwa wakitembeleana kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014. Tanzania ilibaki na utaratibu wa hati ya kusafiria. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni na ununuzi wa mazao shambani. Kenya ililalamika, na ilikuwa na hoja: Jumuiya ni moja na Itifaki imesainiwa na nchi zote mbili.

Daraja la Tano: Wenye mdomo na kipaza sauti

Kila kanuni ina kighairi chake. Wajumbe wa mikutano ndio viumbe pekee wanaosema sana na kuvuka sana. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Amos Wako ilipendekeza shirikisho la kisiasa ifikapo 2013. Mwaka 2013 ulifika, ukasainiwa mkataba wa sarafu moja, ukaondoka. Sarafu hiyo iliyopangwa kuwepo 2024 sasa imesogezwa hadi 2031. Wakati huohuo Jumuiya imepanuka hadi nchi nane: Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Nyumba inaongezwa vyumba, na sebule bado ina kufuli.

Ulinganisho na Ulaya

Wasomaji watauliza kama Kanuni ya Mdomo ni ya Afrika peke yake. La. Ulaya ilisaini makubaliano ya Schengen mwaka 1985 na kuruhusu watu wake wavuke. Nchi za mashariki zilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004, Wafaransa wakaanza kumwogopa fundi bomba wa Poland, na Mei 2005 wakaipigia kura ya hapana katiba ya Ulaya. Mwaka 2016 Waingereza wakaamua kujitoa, na uhamiaji ulikuwa katikati ya ubishi huo. Tofauti ni kwamba wao walifungua kwanza, wakagombana baadaye. Sisi tumeanza na ugomvi.

Hitimisho

Hofu ya Watanzania haikutoka hewani. Ardhi ya kijiji ndiyo akiba pekee ya kaya nyingi, na mkulima mwenye shida anaweza kuuza vitunguu vikiwa bado shambani kwa bei ya aibu. Kumkinga ni wajibu. Ila tuangalie kinga inamwangukia nani. Mwekezaji mkubwa ana cheti na wakili. Mnunuzi wa gunia hamsini ana nauli ya kurudi. Na huyo akiondoka, anayebaki na dalali mmoja na bei moja ni mkulima wa Singida.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo dogo. Mnunuzi kutoka nchi mwanachama aingie kwa kitambulisho cha taifa, anunue sokoni kwa kupima kwenye mizani, alipe ushuru wa mazao kama Mtanzania, na marufuku ya lumbesa itekelezwe kwa wote wawili. Viongozi wa Afrika Mashariki waanze na hilo kabla ya kusogeza tena mwaka wa sarafu.