Muhadhara Mkuu wa Keroka Kuhusu Magoti ya Panya

Waheshimiwa wa Kisii mlioketi upande huu wa barabara, na waheshimiwa wa Nyamira mlioketi upande ule! Mimi, profesa kwa juhudi zangu mwenyewe, leo nawafungulia siri ya baridi yabisi. Ni maradhi ya askari wa mwili kuvamia viungo vya mwenye mwili, kama vile makanjo wa kaunti zetu mbili wanavyomdai ushuru mama mmoja wa ndizi hapa hapa Keroka, kila mmoja akiapa kuwa soko ni lake.

Msinicheke. Elimu hii ina nasaba. Mwaka 1940, Erik Waaler wa Norwe alichukua chembe nyekundu za damu ya kondoo, akazipaka kingamwili za sungura, akatia majimaji ya damu ya mgonjwa: zikagandana! Kiashiria kikapatikana. Kwamba huonekana pia kwa wenye kifua kikuu, na kwa wazee wasioumwa popote, ni jambo dogo, nalipita.

Mwaka 1977, Trentham na wenzake kule Marekani waliwadunga panya kolajeni ya gegedu, hata ya kuku, iliyokorogwa na mafuta. Miguu ikavimba. Nami nimedunga wangu. Kila aliyevimba ana kiashiria nilichokigundua, kila asiyevimba hana. Asilimia mia! Ulaya bado wanalala.

Naona mkono. Ndiyo, mama wa Nyansiongo?

"Kijana wangu, hao panya uliwadunga mwenyewe, ukajua mgonjwa ni nani kabla hujapima. Mimi vidole vilianza kukaza asubuhi nikienda kuchuma chai, na hakuna aliyenidunga. Utajuaje kwamba kipimo chako hakioni sindano yako tu?"

Swali dhaifu, mama, lakini nitalijibu kwa hisani. Panya wangu wote ni wa ukoo mmoja, umri mmoja, chakula kimoja. Hawajaugua malaria wala minyoo. Hao ndio wagonjwa wenye nidhamu! Wewe umekuja na maradhi ya miaka sitini katika damu moja, kisha unakilaumu kipimo. Ombi langu kwa wagonjwa wa Gusii nzima ni hili: jitahidini kufanana na panya.

Kupimwa ni shilingi elfu moja. Wasioweza kushika noti kwa sababu ya vidole, msaidizi wangu atawatolea mfukoni.