Arobaini na Mbili, Andika!

Kila asubuhi, mkanda ukiwa mkononi, mwanaume mwenye kitambi ana mambo mawili ya kuchagua: suruali aivae juu ya kitambi au chini yake. Ukiivaa juu, mkanda unakaribia kifua, pindo linapanda, na soksi zinaonekana na mtaa mzima. Ukiivaa chini, kitambi kinatangulia, suruali inafuata nyuma, na kitambaa kilichobaki kinajikusanya juu ya viatu. Ukisema uifunge katikati ili kuleta suluhu, suruali itaamua yenyewe, na siku zote huamua kushuka. Tena itaamua hivyo ukiwa unavuka barabara pale Kariakoo, mikono yote miwili imeshika mizigo.

Halafu wanatokea wataalamu wa mavazi na kutuambia tuvae kulingana na maumbo yetu. Sawa. Wanawake angalau wamegawiwa matunda, huyu tofaa, yule peasi, na kila tunda lina ushauri wake: gauni la kukata kiunoni, mkono wa kuachia, shingo ya hivi na ya vile. Sisi wanaume hatukugawiwa hata embe ng'ong'o. Ushauri wetu wote ni maneno mawili tu: "Punguza tumbo." Huo si ushauri wa nguo. Huo ni ushauri wa ugali.

Mpwa wangu, kijana mwenye kiuno cha inchi 30 na maoni ya inchi 60, ndiye mshauri wangu wa nyumbani. "Mjomba, vaa mistari ya wima, utaonekana mwembamba." Maneno haya yamezunguka dunia nzima na hakuna anayeuliza yalitoka wapi. Karne ya 19 alikuwepo Mjerumani mmoja, Hermann von Helmholtz, aliyechunguza sana jinsi jicho la binadamu linavyoona. Alieleza habari ya miraba miwili iliyo sawasawa, mmoja umechorwa mistari ya kulala, mwingine mistari ya kusimama. Ukiitazama, wa mistari ya kulala ndio unaoonekana mrefu na mwembamba, na ule wa kusimama unaonekana umetanuka. Kinyume kabisa na mpwa! Najua, mraba hauna kitambi, na mtu si mraba, kwa hiyo sitangazi kwamba kuanzia kesho ninavaa fulana za mabaharia. Ila uhakika anaozungumza nao mpwa wangu sijui kaupata wapi.

Na hata hiyo mistari ya wima yenyewe, ikifika kwenye kitambi haiendelei kuwa wima. Inaachana, inazunguka, inakutana tena chini karibu na mkanda, na hapo hata mtu ambaye hakuwa na habari na tumbo lako anaonyeshwa linapoanzia na linapoishia. Ushauri wa pili wa mpwa ni nguo nyeusi. Nguo nyeusi, Dar es Salaam, mwezi wa Februari, ndani ya daladala. Nitaonekana mwembamba, ndiyo, kwa sababu nitakuwa nimeyeyuka.

Basi nikaenda soko la Karume. Anayejua mitumba anajua kwamba pale nguo huichagui wewe. Wewe ndiye unayechaguliwa. Kijana amesimama juu ya meza anaimba bei, na kabla hujasogea ameshakuona. "Mzee wangu shikamoo! Hii ya kwako kabisa, imekuja na jina lako." Kwa sababu hakuna mahali pa kujaribia, kuna kipimo cha sokoni: unafunga kifungo cha suruali, unachukua kile kiuno chake na kukizungusha shingoni. Ncha zikikutana kisogoni, suruali ni yako. Kipimo hiki nadhani kilibuniwa na mtu ambaye shingo na tumbo lake vilinenepa kwa makubaliano. Mimi shingo yangu imebaki ya ujanani. Kila suruali ninayoizungusha inakutana kisogoni vizuri sana, kijana anapiga makofi, nalipa, na nikifika nyumbani haikutani mbele.

Ukisema uchukue kubwa zaidi, ndipo unapokumbana na hesabu za kiwandani. Huko hawachori suruali ya kila mtu. Wanachora ya saizi moja ya kati, kisha wanaikuza kwa vipimo: kiuno kikiongezeka, nyonga zinaongezeka, mapaja yanaongezeka, na goti nalo linapewa chake. Kwa hiyo suruali inayonitosha kiunoni imeshonwa kwa ajili ya mtu aliyenenepa toka juu hadi chini kwa haki na usawa. Mimi nimenenepa mahali pamoja. Miguu yangu ni ile ile niliyochezea mpira shuleni. Ukinitazama ndani ya suruali hizo utadhani tumo wawili. Nikiwa juu ya kivuko cha Kigamboni na upepo wa bahari ukaamka, ninajaa upepo mpaka mama mmoja mwenye ndoo ya samaki aliwahi kuniambia nishike chuma.

Ukiikimbia hiyo pana, unaangukia kwenye modo, ile ya kubana. Modo imekusudiwa kijana asiyekaa, asiyeinama, na asiyekula. Nimewahi kuijaribu, ilipita kwenye nyayo, ikafika gotini, tukaagana hapo.

Kwa upande wa mashati mambo ni afadhali kidogo, na hapa nitatoa ushauri wa bure kwa sababu hakuna aliyenipa mimi: tazama mabega. Mshono wa bega ukikaa juu ya mfupa wa bega, hilo shati lina matumaini, maana fundi anaweza kupunguza ubavu, kukata mkono, kupandisha pindo. Bega likiporomoka mpaka nusu ya mkono, rudisha. Kulirekebisha bega ni kulifumua shati zima, na fundi atakutoza kana kwamba kashona jipya.

Fundi wangu mimi anakaa barazani, kati ya muuza kahawa na wazee wa drafti. Ni hodari, sikatai. Tatizo lake ni sauti. Kijana wake anakaa pembeni na daftari la shule, kazi yake ni kuandika, na kwa kuwa muuza kahawa anagonganisha vikombe siku nzima, vipimo havisomwi, vinatangazwa. Unasimama katikati ya baraza, mikono umeinua. Futi kamba inakuja kutoka nyuma. Mimi, kama mwanaume mwingine yeyote, navuta tumbo ndani. Fundi hasemi kitu. Anashikilia ncha mbili za futi kamba, anatazama barabarani, anaitikia salamu ya mpita njia, anangoja. Anajua kwamba binadamu sharti apumue. Pumzi inakata, tumbo linarudi kwao, futi kamba inateleza kidogo kidogo mpaka inapostahili, na hapo ndipo anapoinua sauti:

"Kiuno arobaini na mbili, andika!"

Drafti inasimama. Mzee mmoja anageuka kuthibitisha kwa macho.

"Fundi, punguza sauti."

"Nipunguze sauti au nipunguze kiuno, mzee?"

Kisha ananiambia nikae kwenye benchi. Nakaa, anapima tena. Arobaini na nne. Hiyo nayo inaandikwa, na inatangazwa. Nilitaka kukasirika, lakini ukweli ni kwamba huyu ndiye mtu pekee duniani aliyewahi kufikiri hivyo. Suruali ya dukani imepimwa kwa mtu aliyesimama, ananyoosha mgongo, anatabasamu. Mimi ni karani. Kazi yangu ni kukaa. Tumbo likikaa linaongezeka, na zile inchi mbili ndizo zinazonikaba kuanzia saa tatu asubuhi mpaka nifike kwangu. Mkanda ukibana tumbo, kilichomo ndani kinasukumwa juu, ndiyo maana watu wa mikanda ya kubana tunatafuna dawa za kiungulia. Wengine huanza kufa ganzi upande wa nje wa paja kwa sababu mshipa wa fahamu unaopita karibu na nyonga umebanwa. Yote haya ili shati likae limechomekewa.

Kuchomekea! Hapo ndipo ugomvi wangu na ofisi ulipo. Waraka unasema "mavazi nadhifu", wakubwa wanasoma "chomekea". Ukimchomekea mtu mwembamba anakuwa nadhifu. Ukinichomekea mimi, unakuwa umepiga mstari chini ya sentensi ambayo kila mtu alikuwa ameshaisoma.

Na nikirudi nyumbani namkuta mama watoto ndani ya dera. Dera analinunua likiwa limekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Halijaribu. Haulizwi kiuno. Dada yake mjamzito analivaa, binti yetu mwembamba analivaa, jirani wa kilo tisini na ushee anaazima, na wote wanapendeza na upepo unapita. Nikimweleza masaibu ya mkanda wangu ananitazama kwa huruma ya mtu ambaye hajabanwa na kitu tangu saa nane mchana.

Ningekuwa sina Ijumaa ningekata tamaa. Ijumaa navaa kanzu. Nenda duka lolote la kanzu Kariakoo uone heshima inavyokuwa: muuzaji anakutazama kuanzia bega mpaka kisigino, basi. Namba iliyoandikwa pale shingoni, 54, 56, 58 au 60, aghalabu ni urefu kwa inchi. Urefu! Iwe ya Kiomani yenye kishada chake shingoni, iwe ya Kisaudia yenye kola, haitaki kujua kingine. Tumbo lako linabaki kuwa jambo la familia. Nikitoka msikitini watu wananiambia nimepungua, nami siwakatazi.

Nguo za pwani hii zote ziko hivyo ukizitazama. Msuli, ukinenepa unapunguza mkunjo mmoja, ukikonda unaongeza, na msuli ni ule ule alioacha babu. Kanga ni kipande cha kitambaa. Mwenye mwili ndiye anayekipa umbo. Ni suruali tu, iliyokuja na meli na kazi za ofisini, inayokuja imeshaamua mtu awe vipi na kumwona mkosaji asiyelingana nayo. Mimi nalipa, mimi nabanwa, halafu mimi ndiye niambiwe nina umbo baya?

Msidhani hili ni jambo dogo. Hata serikali zimehangaika na suruali. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini, mawigi na suruali za kubana vikawa marufuku. Waliovuta modo za enzi hizo waliumia, lakini mimi leo ningejitolea kuwa mjumbe wa nyumba kumi wa operesheni hiyo. Juni 2021, Dodoma, mbunge mmoja mwanamke aliambiwa atoke ukumbini akavae vizuri, baada ya mbunge mwenzake, mwanaume, kulalamika kwamba suruali yake inabana. Nchi nzima ilijadili suruali ya yule mama. Za wanaume waliokaa mle ndani, vifungo vikiomba msaada chini ya makoti, hazikuombewa hata mwongozo wa Spika.

Fundi ndiye aliyeleta suluhu. "Mzee, acha kuhangaika. Nikushonee Kaunda." Nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Suti ya Kaunda, yenye jina la rais wa kwanza wa Zambia, koti lake ndilo shati lake. Mkono mfupi. Linaanguka nje ya suruali, na pindo limenyooka. Nyuma kuna mpasuo wa kukalia. Ndani ya suruali, ambako hakuna atakayeona maana koti limefunika, fundi kaweka lastiki pande mbili, na zile inchi za kukaa zimepata pa kwenda. Mifuko minne: miwani, simu, kalamu, na dawa za kiungulia ambazo sasa sizihitaji. Haina pa kuchomekea, hata bosi akitaka.

Lakini raha haikosi adui. Rais William Ruto wa Kenya alipoanza kuonekana na Kaunda zake kila mahali na watu wakamfuata, Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akazipiga marufuku bungeni Nairobi. Mwanaume mnene amepata nguo moja inayomsitiri, nayo inaambiwa haina hadhi, kavae tai. Nimeikata habari hiyo gazetini nikaificha, isije ikafika kwa mkuu wa utumishi.

Siku ya kwanza kuivaa nilisimama mlangoni, koti limekaa, suruali haijulikani iko juu wala chini ya kitambi. Mpwa alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake. Mama watoto akanizunguka, akaivuta kola, akarudi nyuma hatua mbili.

"Umependeza," akasema. "Umekuwa marehemu baba mtupu."

Sikujua nishukuru au nivue. Baada ya chai nikaamua kushukuru. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na kitambi kinachozidi changu kwa mbali, na katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akipandisha suruali.