Koti la Januari

Mwanafunzi wa biashara ya mavazi kule Uingereza mara nyingi hutolewa darasani mwaka mzima, kati ya mwaka wa pili na ule wa mwisho, akapelekwa dukani au katika ofisi za kampuni ya nguo. Wa kwetu Kenya hupewa atachimenti ya miezi mitatu hivi, aghalabu kati ya Mei na Agosti, na hurudi chuoni na kitabu kilichojaa sahihi pamoja na utaalamu usio na mpinzani kuhusu vijiko vya sukari kwenye chai ya bosi. Sina ugomvi na chai. Ugomvi wangu ni na kalenda. Mei hadi Agosti ni miezi ya baridi, na mji wa Njoro uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mgongoni mwa Mau, mahali ambapo baridi humvisha mtu koti kabla muuzaji hajafungua mdomo. Anayejifunza kazi katika miezi hiyo hauzi chochote. Anaitazama baridi ikiuza. Kisha anahitimu, anakopa, anafungua kibanda Januari, na kuning'iniza makoti thelathini mbele ya watu wanaojipepea kwa magazeti na ambao, kwa vyovyote, wamemaliza hela. Si bure Wakenya huuita mwezi huo Njaanuari.

Njoro ndiyo ingepaswa kulijua hili kuliko mji mwingine wowote. Hapa kituo cha utafiti wa ngano kilianzishwa 1927, na Chuo Kikuu cha Egerton chenyewe kilizaliwa 1939 kama shule ya kilimo, kikawa chuo kikuu kamili 1987. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyetunukiwa shahada ya ngano kwa kuhudhuria palizi peke yake. Nguo nazo zina kupanda na kuvuna. Njokerio, nje ya lango la chuo, muuzaji anayejua kazi husoma mwaka kama mkulima asomavyo mawingu. Wa mwaka wa kwanza hufika na nguo alizonunuliwa na mama aliyeambiwa kuna baridi lakini hakuamini. Wiki ya pili tayari anatafuta kofia za mavini na sweta nzito. Pesa za mkopo wa HELB zikiingia, watu hutaka raba. Zikiisha, hutaka bei ya mwisho, halafu bei iliyo baada ya bei ya mwisho. Desemba kila mmoja huhitaji vazi la kwendea nyumbani, lenye sura ya mtu ambaye mambo yake yananyooka. Nani ataona mzunguko huo kwa miezi mitatu?

Na mkasa hasa umo ndani ya robota. Robota la mitumba hununuliwa likiwa limefungwa, kilo 45 au zaidi, na mnunuzi analo tumaini na maandishi ya nje tu. Juu huenda zikawa kamera, zile nguo safi za kugombewa. Chini huwa kuna fagia, ambazo jina lake linajieleza. Katikati kuna maajabu. Chukua mwanafunzi aliyenunua kwa pesa zake mwenyewe robota la nguo za wanawake, akalikata kamba na kukuta sehemu kubwa ni mavazi ya kuogelea. Ziwa la karibu naye ni Nakuru, lenye maji ya magadi, ndani ya hifadhi yenye vifaru. Kwa hesabu ya miezi mitatu huo ni msiba, na kinachobaki ni kuchangiwa. Kwa hesabu ya mwaka, hayo ni mavazi ya Desemba, wakati watu wa bara wanapopanga safari ya Mombasa na kugundua hawana cha kuvaa ufuoni. Mali ni ile ile. Iliyokosea ni kalenda yake ya ukutani.

Tena hapa hapa, barabara ya Njoro, upande wa Ngata, limesimama somo kubwa zaidi la bidhaa iliyokosa mteja. Lord Egerton, yule mwenye jina la chuo, alijenga ngome ya vyumba zaidi ya hamsini, na inasimuliwa kwamba aliijenga kwa ajili ya mwanamke ambaye, alipoiona, alisema inafanana na makumbusho. Leo watu hulipa kiingilio kuitembelea, kwa hiyo bibi huyo alikuwa sahihi kuhusu soko, ila alitangulia kwa miongo kadhaa. Mwenye mali hakuwahi kumuuliza kastoma saizi yake.

Watasema duka la kioo mjini Nakuru, lenye sanamu na msimamizi, hufundisha vizuri zaidi kuliko kibanda cha mitumba. Hufundisha kukunja mashati, nakubali, na kusema karibu kwa sauti ya usingizi. Lakini shati likidoda pale, hasara ni ya mwenye duka, na anayejifunza atakula chakula cha mchana kama kawaida. Watasema pia mitumba imeviua viwanda vyetu, na hoja hii ina mfupa. Nchi za Afrika Mashariki ziliazimia mwaka 2016 kuiondoa kufikia 2019. Rwanda ilipokaza uzi kwa ushuru, Marekani ikaisimamishia 2018 nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru, wengine wakiwa tayari wamelegea. Ila hata siku ambayo Rivatex ya Eldoret itamvisha kila Mkenya, kitambaa chake kitahitaji mtu anayejua kwamba Januari si Julai. Ujuzi huo hauna uraia.

Pingamizi linalonisumbua ni la mtaji. Robota halinunuliwi kwa alama za mtihani, na mwanafunzi akitumia karo atakuwa ameongeza somo ambalo mzazi hakulilipia. Hapo nakiri: mwaka mzima kibandani unawezekana iwapo anaanza chini ya mama mwenye kibanda, akipanga, akipiga pasi, akihifadhi daftari la kilichotoka na mwezi kilipotoka, kabla ya kugusa robota lake. Ofisi ya chuo itauliza nani atatia sahihi kitabu, maana kibanda hakina idara ya wafanyakazi wala muhuri. Muhuri hutengenezwa mjini Nakuru kabla kikombe cha chai hakijapoa, na mama, akiwa na wateja wake, atamwachia mwanafunzi akinywe.