Sifa za Samaki

Watu wa poka wamewapa majina ya baharini wote wanaoketi mezani. Anayeujua mchezo, anayepima uwezekano wa kila karata na kusubiri bila kuchoka, huyo ni papa. Tajiri asiyejali fedha zake zinakokwenda ni nyangumi. Na yule mwingine, aliyetoka kazini, akaoga, akala, akawasha simu na kuweka dola 20 ili achangamke kidogo kabla ya kulala, huyo ni samaki. Papa ameandikiwa vitabu, ametengenezewa filamu, amepigwa picha akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Samaki hajapata hata ubeti mmoja. Hiyo ni dhuluma, na nimeona niiondoe mimi.

Tuanze na ukarimu wake. Poka ya mtandaoni haifanani na mkeka wa mpira, ambapo anayebeti hupambana na kampuni. Hapa wachezaji hulana wenyewe kwa wenyewe, na kampuni hukaa pembeni ikikata ushuru katika fedha zinazorundikwa katikati ya meza, kwa kawaida kama asilimia 5, hadi kikomo fulani. Hakuna senti inayozaliwa pale. Watu 6 wakiingia na dola 20 kila mmoja, meza ina dola 120, na kadiri usiku unavyosonga zinazidi kupungua. Sasa jiulize kodi ya nyumba ya papa inatoka wapi. Mishahara ya wahandisi wa kampuni je? Mabango ya matangazo? Yule bingwa mstaafu anayeuza mafunzo ya video, naye anakula wapi? Vitabu vyote vya mbinu ambavyo samaki hajavifungua vilinunuliwa kwa fedha alizopoteza samaki. Wako wafadhili wanaowekewa vibao vya shaba ukutani kwa machache kuliko hayo.

Lakini mkarimu asiyeshinda hata siku moja angechoka, akahamia kwenye tamthilia. Ndiyo maana sifa yake kubwa kupita zote ni kwamba samaki hushinda, na hapa naomba nisiharakishwe.

Keti barazani na fundi wa bao. Kete zote 64 ziko wazi, hakuna kinachofichwa, hakuna bahati. Asubuhi utafungwa, adhuhuri utafungwa, alasiri utafungwa huku watoto wakikucheka, na jioni utakwenda kwako ukijua kabisa kwamba fundi ni fundi na wewe si kitu. Hutarudi kesho na fedha. Kwa hiyo fundi wa bao, pamoja na akili zake zote, bado anauza samli au anashona nguo.

Poka imeliponya tatizo hilo. Katika mtindo wa Texas, unaochezwa zaidi mtandaoni, kila mtu hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano hufunuliwa mezani kwa wote. Jozi ya ree ndiyo mwanzo bora kuliko yote, nayo huja kama mara moja katika migao 221. Saba na mbili za rangi tofauti huhesabiwa kuwa mwanzo mbovu kabisa. Zikutanishe hizo mbili hadi karata ya mwisho: ree zitashinda kama mara 88 katika 100. Papa huitazama hiyo 88 akatabasamu. Samaki anaishi katika ile 12.

Na 12 si muujiza. Meza moja ya mtandaoni hugawa karata mara 60 au 80 kwa saa, zaidi ya mara mbili ya meza ya kasino yenye mgawaji wa damu na nyama, hivyo mambo ya nadra hugeuka kuwa majirani. Samaki ana saba ya kopa na mbili ya shupaza. Amelipa kuingia kwa sababu mwanawe alizaliwa tarehe 7 mwezi wa pili. Papa, mwenye ree mbili, anasukuma fedha zote. Samaki anakubali, maana kukataa kungekuwa ukosefu wa adabu kwa mtoto. Inafunuliwa saba, inafunuliwa nyingine, na huko aliko papa anapiga meza kwa kiganja, huku samaki akisema peke yake gizani, “Nilijua.”

Hiyo “nilijua” ndiyo nguzo ya biashara nzima. Papa huilaani 12 kila usiku, huisimulia kwa uchungu kwa yeyote atakayesikiliza, hupiga picha skrini yake kama mtu anayekusanya ushahidi wa polisi. Haoni kwamba ndiyo mshahara wake. Iondoe, mchezo ubaki haki tupu, na ndani ya mwezi mmoja papa atakuwa anashona nguo pamoja na fundi wa bao.

Mwenye shaka na aangalie mwaka 2003. Mhasibu wa miaka 27 kutoka Tennessee, Chris Moneymaker (ndilo jina lake halisi, mwandishi wa riwaya angelikwepa kwa aibu), alilipa dola 86 katika shindano dogo kwenye mtandao wa PokerStars na kupata kiti katika shindano kuu la dunia, Las Vegas, ambalo kiingilio chake ni dola 10,000. Walikuwa watu 839. Walipobaki 10 alikutana na Phil Ivey, papa wa mapapa. Moneymaker alikuwa na ree na bibi, Ivey na jozi ya tisa. Mezani zikaja bibi mbili, mhasibu akaongoza. Karata ya nne ikawa tisa, Ivey akawa na nyumba kamili (tisa tatu na bibi mbili), na Moneymaker akabaki akitegemea karata 7 tu kati ya 44 ambazo hazijaonekana. Ikashuka ree. Ivey akaenda zake, na mhasibu akaondoka na dola milioni 2.5.

Mwaka uliofuata walijitokeza watu 2,576. Mwaka 2006 walikuwa 8,773, na mshindi, Jamie Gold, alichukua dola milioni 12. Haki isemwe, kamera zilizowaonyesha watazamaji wa televisheni karata za siri nazo zilisaidia. Lakini hakuna aliyenunua tiketi ya ndege kwa ajili ya kamera. Walikwenda kwa sababu mtu wa mahesabu ya ofisini aliangukiwa na ree. Samaki mmoja alileta wavu mzima, na papa wa miaka ile walinunua majumba.

Sifa nyingine za samaki ni za tabia. Ana udadisi: hulipa ili aone. Papa hutupa karata nyingi kuliko anazocheza, hivyo hufa bila kujua nani alikuwa na nini. Samaki hawezi kulala akiwa na swali. Ana kumbukumbu iliyochujwa vizuri, inayohifadhi ushindi wa Pasaka iliyopita na kufuta Jumanne kumi zilizofuata. Na mezani pale ndiye pekee anayecheza, kwa maana ile ya watoto. Papa yuko kazini, amefungua meza nane kwa pamoja, na programu yake inamwonyesha kwa tarakimu kila mpinzani ni wa aina gani. Ukimuuliza papa kama alifurahi jana, atakupa wastani.

Samaki wa pwani yetu ana ushujaa wa ziada. Meza za Marekani hujaa jioni ya New York, ambayo kwetu ni saa tisa au saa kumi za usiku. Huyu hucheza chini ya shuka, mwanga wa simu ukiwa umefunikwa kwa kiganja ili mama watoto asigeuke. Akipanda, hawezi kushangilia. Akishuka, hawezi kulia. Na akipandwa na mori baada ya kupigwa, akaanza kuzidisha dau ili arudishe chake, hakuna wa kumshika bega. Ninayemsifu, ieleweke, ni samaki wa dola 20. Akigusa ada ya shule, sifa zangu naziondoa; mitandao yenye leseni nzuri ina njia ya mchezaji kujifungia nje, na samaki mwenye heshima zake anajua ilipo.

Papa wenye busara wanaujua utukufu wake, kwa kuwa wana sharti lao: usigonge kioo. Samaki akicheza ovyo akakunyang’anya, usimtukane, wala usimfundishe alipokosea, asije akashtuka akaondoka, au, balaa kubwa zaidi, akajifunza. Sultani gani aliyewahi kupewa adabu kama hiyo na watu wanaomwibia?

Dhoruba amezipitia zote. Meza ya kwanza ya fedha halisi mtandaoni, Planet Poker, ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1998, na tangu siku zile samaki amekuwa akilalamika kwamba karata za mashine zimepikwa. Wote humcheka. Lakini mwaka 1999 waliotengeneza programu iliyotumika hapo walitangaza hadharani jinsi wanavyochanganya karata, kuonyesha uaminifu wao. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wakasoma, wakakuta kwamba uchanganyaji wote ulianzia kwenye saa ya mashine: hesabu ya milisekunde tangu usiku wa manane, yaani mianzo milioni 86.4 tu, ilhali karata 52 zinaweza kupangika kwa namna ambazo idadi yake ina tarakimu 68. Ukishaona karata zako mbili na tatu za kwanza za mezani, kompyuta ingekutajia za wenzako wote. Miaka michache baadaye ikagundulika kwamba kwenye mitandao ya Absolute Poker na UltimateBet walikuwapo watu wa ndani walioziona karata za kila mtu. Mara mbili, basi, samaki alisema kweli bila ushahidi wowote. Wapo manabii wenye rekodi mbaya zaidi.

Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 15 Aprili 2011. Waendesha mashtaka wa New York waliwashtaki wakuu wa mitandao mitatu mikubwa, na baadaye ikafichuka kwamba mmoja wao, Full Tilt, ulidaiwa na wachezaji wake kama dola milioni 390 huku ukiwa na kama milioni 60 benki. PokerStars ilikubali mwaka 2012 kulipa dola milioni 731 kuumaliza ugomvi na serikali na kurudisha fedha za wachezaji wa Full Tilt, lakini wachezaji wa Marekani walianza kuona zao mwaka 2014. Samaki alizipokea, akashukuru, akatafuta meza nyingine.

Adui wa sasa ni mashine. Mwaka 2019 programu iitwayo Pluribus, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Facebook, iliwashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Kumbe papa anaweza kutengenezwa maabara. Samaki wa kutengeneza bado hajahitajika, kwa sababu kompyuta inaweza kuigiza makosa yake lakini haipokei mshahara mwisho wa mwezi.

Kampuni nazo zimepiga hesabu. Novemba 2015 PokerStars ilitangaza kupunguza zawadi za wachezaji wanaocheza kupita wote, yaani papa, na kusema inawajali zaidi wanaocheza kwa kujifurahisha. Papa wakakasirika. Kuanzia tarehe 1 Desemba wengi wao waligoma kwa siku tatu, wakakaa kando ya meza wakingoja mtandao upige magoti. Mtandao haukupiga. Samaki, ambao hawana desturi ya kusoma matangazo ya migomo, waliingia kama kawaida, na kwa siku tatu palikuwa na nafasi mezani na watu wachache wa kukunjiana uso.